Hakuna Mtu Juu

Bi Umulkheir hakuwa mtu wa kuchungulia dirishani, wala hakuwa na haja. Chumba chake cha kulala kilikuwa wikio, kile chumba cha juu kinachovuka njia kutoka ukuta wa nyumba moja hadi ukuta wa nyumba ya pili, watu na punda wakapita chini yake. Jua la Lamu likiwa kali, kila mwenye neno lake hulisemea pale kivulini. Basi habari za mtaa zilimfikia kabla hazijafika sokoni: nani kaposwa, nani kaachwa, nani kakopa sukari na sasa anazungukia njia ya nyuma asionekane. Zilipenya sakafuni zikamkuta kitandani. Na ndivyo alivyokuja kusikia kwamba nyumba yake inauzwa.

Ilikuwa baada ya alasiri, naye alikuwa akikunja mashuka ya harusi ya binti yake, Amal. Sauti ya kwanza hakuitambua; ilikuwa ya dalali. Ya pili aliijua tangu angali mtoto, maana ilikuwa ya kaka yake, Fawaz.

"Yauzwa yote?" aliuliza dalali. "Juu na chini?"

"Yote. Juu na tini."

"Na juu hamna mpangaji? Mnunuzi wangu hataki kesi."

"Juu hakuna mtu wa kukusumbua."

Amal alifumbua mdomo, mamake akamwekea kiganja. Wakasikia viatu vya dalali vikienda upande wa pwani, na makubadhi ya Fawaz yakiingia ndani na kuanza kupanda ngazi. Fawaz hakuwa na desturi ya kupiga hodi. Yeye alikuwa anamiliki sehemu ya chini, akiikodisha stoo ya saruji, naye mwenyewe akikaa mtaa wa Wiyoni na mkewe, Radhiya. Lakini kila alasiri alipanda kwa dadake kunywa kahawa kama anayepanda kitandani kwake. Siku hiyo alikuta kikombe kimewekwa, tende zimewekwa, na dadake amekaa wima.

"Kaka, yauzwa nyumba gani?"

Fawaz aliinua kikombe, akakirudisha. "Mji huu kuta zina masikio."

"Si kuta, ni sakafu. Nijibu."

"Umu, nyumba hii yanila. Kuta zanyonya chumvi, boriti zaoza, kodi ya kaunti nailipa mimi. Nimepata shamba Kililana, ndia ya bandarini. Mwenyewe aniwekea, lakini haniwekei milele. Nikilikosa sasa, sitalipata tena maisha yangu."

"Tini ni kwako, uza hata kesho. Juu ni kwangu. Baba alinipa siku nilipoolewa. Wewe mwenyewe ulikibeba kitanda ukakipandisha ngazi hiyo hiyo, ukabanwa kidole ukalia."

"Baba alikupa ukae."

"Subhanallah! Mtu humpa mwanawe wa kike nyumba ya kuazima?"

"Hati ni moya, dada. Na jina lililomo ni moya." Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Laiti angepiga kelele, naye angepiga zake. "Na wala sikutupi nde. Nimemwambia Radhiya akitoe mkaa chumba cha nyuma, kipakwe chokaa. Utakaa nasi."

"Na Amal? Arusi ni Mfungo Mosi. Musab ataingia wapi, chumba cha mkaa?"

"Zamani zimepita. Vijana wa siku hizi wapanga."

Akamalizia kahawa, akala tende mbili, akashuka. Bi Umulkheir alibaki akitazama kokwa za tende kwenye kisahani. Alikuwa na hasira, lakini aibu ilikuwa kubwa kuliko hasira: kwamba mambo haya yalisemwa njiani, na bila shaka si yeye peke yake aliyesikia.

Hakukosea. Haikupita wiki, Bi Mwanamkisi, mamake Musab, mchumba wa Amal, akashuka botini kutoka Mbwajumali na kikapu cha nazi na papa mkavu. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, ambaye mdomo wake haukujua kuzunguka. Aliusifu mkate wa mofa, akaisifu kahawa, akauliza habari za mbuzi wa jirani. Kisha akakiweka kikombe chini.

"Bi Umu, sisi si watu wa kuchunguzana. Lakini nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Kwamba Bwana Fawaz auza. Sasa mimi mwanangu ni fundi wa mashine za boti, mikono yake anayo. Hatutaki mali ya mtu. Twataka mlango. Mwanamume huingia nyumba ya mkewe. Haingii nyumba ya mjomba wa mkewe. Siku watakayokwaruzana, na watakwaruzana, kuna mtu atamwambia toka."

"Nyumba ni yangu, Bi Mwanamkisi. Mimi nampa Amal kama babangu alivyonipa."

"Wallahi nakuamini. Ila watu wasema siku hizi viwanja vyote vimo ndani ya simu. Mtu aandika namba, jina la mwenyewe latoka. Basi litoe jina, nilione kwa mato yangu, nirudi kwetu nikawazibe watu midomo. Mficha uchi hazai, mwenzangu."

Bi Umulkheir alitabasamu kwa sababu mgeni hakunjiwi uso. Ndani yake alikuwa akiungua. Tangu azaliwe hakuna aliyemtaka athibitishe alipo, na sasa aliyemtaka alikuwa amekaa juu ya mkeka wake, anakula mkate wake, na kwa haki yote ana sababu.

"Utaliona," alisema.

Duka la Wamuyu lilikuwa kando ya njia kuu, kompyuta mbili na mashine ya kupigia chapa. Mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Mpeketoni, amekaa kisiwani miaka ya kutosha kujua kwamba wakiingia wanawake watu wazima yeye naye ajifunike leso kichwani, ingawa leso yenyewe ilikuwa ikimwanguka kila akiinama.

"Karibu mama. Leo ni nini, pasipoti ama bima?"

"Nataka jina langu," alisema Bi Umulkheir. "La nyumba."

"Una namba ya ploti?"

Bi Umulkheir alitoa mkobani karatasi iliyokunjwa mara nyingi. Namba hiyo alikuwa nayo miaka, akiilinda isilowe. Wamuyu akaiangalia, akaangalia tena.

"Hii ni ya mita ya stima, mama."

Wanaume wawili waliokuwa wakisubiri nyuma walicheka. Hawakucheka sana, lakini duka lilikuwa dogo. Amal aliwageukia, mamake akamvuta buibui.

"Si kitu," alisema Wamuyu haraka. "Namba ikikosekana tunaingilia kwenye ramani. Kaa hapa, mama, uone vizuri."

Ramani ikafunguka. Mji wa Lamu ulikuwa umekatwakatwa vipande kama halua kwenye sinia, kila kipande na namba yake. Waliutafuta msikiti, wakaupata; wakatafuta kisima, kisha kona ya mshona kofia. Amal akaweka kidole kwenye kioo.

"Hii hapa nyumba yetu."

Wamuyu akabofya, namba ikajitokeza. "Sawa. Na hicho chumba chenu kiko upande gani?"

"Hapa mbele. Hapa katikati."

"Hapo hakuna ploti. Umeona ni peupe? Hapo ni njia."

"Ndia?" Bi Umulkheir alisogeza uso karibu na kioo. Kweli palikuwa peupe, uchochoro mwembamba ukipita katikati ya vipande vyenye namba za watu. Akapima kwa kidole: hapa kitanda, hapa kabati, hapa msala. "Yaani mimi nalala ndiani?"

"Kwa hii ramani, ndiyo. Unalala barabarani." Halafu Wamuyu akajuta, akairekebisha leso. "Ngoja nikueleze, mama, usiumie bure. Kitu kikikosekana kwenye ramani ya mtandao, sababu ni nyingi. Kuna ploti ambazo karatasi zao bado hazijaingizwa. Kuna namba zilizofungwa ardhi ilipogawanywa, ukitafuta ile ya zamani inakwambia hakuna kitu. Hizo mtu akiuliza afisini anaonyeshwa. Yako si hizo. Ramani hii inaangalia udongo. Mtu anayekaa juu ya mwingine haonekani, labda kama siku ya kupima kulikuwa na mtu aliyesema."

"Kwa hivyo mimi sipo."

"Sijasema haupo. Nimesema haujaandikwa."

Wakalipia utafutaji wa ile namba iliyopatikana. Majibu yalitoka kesho yake, ukurasa mmoja. Mwenye ploti: Fawaz Abdulkadir. Madai ya mtu mwingine yeyote: hakuna. Neno hilo, hakuna, Bi Umulkheir aliomba aonyeshwe lilipoandikwa.

"Unaweza kuweka kizuizi," alisema Wamuyu. "Unaapa kwamba una haki hapo, mauzo yanasimama mpaka msikizwe. Lakini watakuuliza nani anajua ulipewa."

"Waliojua wako makaburini."

"Si wote," alisema Amal. "Mjomba ajua."

Walipofika nyumbani Amal akavua buibui, akalitupa juu ya kiti, akasimama katikati ya wikio, pale pale palipokuwa peupe.

"Mama, walipokuya kupima ulikuwa wapi?"

"Papa hapa."

"Na hukusema?"

Bi Umulkheir alikaa kitandani. "Nalikuwa eda. Babako hajatimiza hata arubaini. Wewe ulikuwa mtoto, una kikohozi. Wakaya wanaume na kamba zao na miti yao, wakasimama hapo tini, mmoja akapaza sauti: hodi, kuna mtu juu? Mjombako alikuwa amekaa dakani, mbele ya mlango. Akasema, hakuna mtu juu."

"Akasema uwongo!"

"Akasema ipasavyo. Ulitaka awaambie wanaume asiowajua kwamba juu kuna mwanamke yu peke yake, mumewe kafa juzi? Nalimshukuru, Amal. Nalikuziba mdomo usikohoe. Wakaandika wakenda zao, nami nikamwombea dua."

Chini yao punda alipita na mchanga, boriti zikatetemeka kidogo kama kawaida.

"Basi tumshitaki," alisema Amal. "Tuweke hicho kizuizi, aitwe, aape."

"Nimshitaki kaka yangu? Sina baba, sina mume, sina mwana wa kiume. Siku nikifa, nani atanishusha kaburini?"

Amal alimpenda mjomba wake. Ni yeye aliyemfundisha kusoma juzuu, ni yeye aliyemnunulia viatu vya skuli. Ndiyo maana alilia kwa hasira, akaingia kuosha vyombo ambavyo vilikwisha oshwa.

Fawaz alikuja tena, kahawa, tende, bila hodi. Hakukaa sana.

"Jumamosi atakuya mpimaji wa mnunuzi," alisema akiangalia mlango. "Wanaume wageni, watapita kila mahali. Si vizuri wakukute. Nenda ukashinde Wiyoni na Radhiya, atakupikia viazi vya rojo."

"Watapanda hadi huku?"

"Wataka kuona dari tu."

Bi Umulkheir alimtazama kaka yake. Alikuwa amekonda. Kofia yake ilikuwa na jasho pembezoni, na vidole vyake vilikuwa vikichezea kokwa ya tende. Akataka kumwambia: wewe wajua, nami najua wajua. Badala yake akasema, "Inshallah," neno ambalo mtu hawezi kulikataa wala kulishika.

Jumamosi asubuhi alikuwa tayari amevaa buibui. Alikuwa amefunga kifurushi cha nguo na msala, maana alikwisha amua kwenda. Alijiambia anakwenda kushinda, lakini nguo alizofunga zilikuwa za siku nyingi. Amal alikuwa amempa mgongo. Ndipo ngazi zikalia, na Bi Mwanamkisi akaingia akihema.

"Boti la alfajiri," alisema, akajitupa kwenye mkeka. "Nimekuya kwa lile jina. Limetoka?"

Bi Umulkheir angeweza kusema mtandao ulikuwa chini. Kila mtu husema hivyo na kila mtu huamini. Akakiweka kifurushi chini.

"Halikutoka. Ramani yasema hapa ulipokaa ni ndia."

Bi Mwanamkisi aliangalia mkeka, akaangalia kuta zenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na vyombo vya kale vya kina Bi Umulkheir. "Ndia?"

"Na jina ni la kaka yangu. Nisamehe kwa kukusumbua na safari."

Kabla mgeni hajapata la kusema, sauti zikapanda kutoka sakafuni. Ya dalali. Ya kijana asiyejulikana, mpimaji, akitaja vipimo. Ya Fawaz, akijibu kwa mkato.

"Na hiki chumba kinachovuka njia?" aliuliza mpimaji. "Kwenye ramani hakipo."

"Hicho ni kitu cha zamani. Stoo."

"Lazima nikiandike. Hodi! Kuna mtu juu?"

Bi Umulkheir alisikia kubadhi likikwaruza mawe, la kulia, ambalo Fawaz hulikwaruza akiwa na wasiwasi tangu utotoni.

"Hakuna mtu juu," alisema Fawaz.

Maneno yalikuwa yale yale, na aliyeyasema ni yule yule. Ile mara ya kwanza yalikuwa pazia, naye alikaa nyuma yake akashukuru. Safari hii Bi Umulkheir alitazama na kuwaona Amal na Bi Mwanamkisi, wote wawili wamemkodolea macho, wakisubiri kuona kama yupo. Hasira ikampanda mpaka masikio yakawaka. Akaenda dirishani. Dirisha lilikuwa halijafunguliwa miaka, chokaa imelishika. Akalipiga kwa kiganja, likakataa. Akalipiga kwa kiwiko, likafunguka kwa kishindo, vumbi likamwangukia dalali kichwani.

"Nipo!"

Njia nzima ilisimama. Mwenye punda alisimama, wanawake wawili waliotoka sokoni walisimama. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona Bi Umulkheir kwenye dirisha hilo.

"Nipo juu! Mimi ni Umulkheir binti Abdulkadir. Naliolewa humu, nalizalia humu, na mume wangu alitolewa humu kwenda kuzikwa. Wewe kijana, andika!"

Mpimaji aliinua uso, akaushusha kwa Fawaz. "Mzee, umesema hakuna mtu."

Fawaz alivua kofia akajipangusa.

"Ni mpangaji wako?" aliuliza mpimaji.

Juu, Bi Umulkheir alishika ukingo wa dirisha. Neno moja tu la kaka yake, na kila kitu kingekwisha. Asingekuwa na la kumjibu, maana karatasi zote zilikuwa upande wa Fawaz. Fawaz alitazama juu. Jua lilikuwa machoni mwake, lakini hakukinga mkono. Alimtazama dadake vile, uso wazi mbele ya watu, buibui limeteleza hadi mabegani, mwanamke ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemficha.

"Si mpangaji," alisema.

"Basi niandike nini?"

Mtu wa heshima halitaji jina la dadake njiani mbele ya wanaume, na Fawaz alikuwa hajalitaja mahali kama pale maisha yake yote. Alilisema chinichini. Mpimaji hakusikia, punda alikuwa akipiga kelele.

"Umulkheir binti Abdulkadir!" alipaza Fawaz. "Ni dadangu. Juu ni kwake. Babangu alimpa, mimi nilikuwapo."

Mpimaji akaandika. Dalali alijipangusa vumbi, akatikisa kichwa, akatoa simu akaanza kuondoka kabla hata hajapokelewa. "Nilikwambia, Bwana Fawaz, mnunuzi wangu hataki kesi," alisema kwa mbali. Fawaz alibaki njiani peke yake na kofia mkononi, na lile shamba la Kililana likaenda zake pamoja na viatu vya dalali.

Ndani ya wikio Bi Mwanamkisi aliyatafuta makubadhi yake.

"Mimi nalitaka jina litoke kwenye simu tu, mwenzangu," alisema. "Sasa hata punda wamelisikia. Mfungo Mosi ni ule ule."

Amal alicheka na kulia kwa pamoja. Mamake hakucheka. Kiwiko kilikuwa kimechubuka. Jumatatu alikwenda kwa Wamuyu, wakajaza ile fomu ya kizuizi, na mahali pa shahidi akataja jina la kaka yake. Wamuyu alimwambia itachukua muda, tena muda mrefu, na kwamba kwenye ramani patabaki peupe hata hivyo.

Fawaz hakuonekana. Kila alasiri Bi Umulkheir aliweka kikombe, akaweka tende, na jioni akavirudisha. Alimkasirikia kwa kutokuja, kisha akajikasirikia kwa kungoja. Siku ya nne, au ya tano, alikuwa akianua nguo aliposikia kubadhi likikwaruza mawe chini ya sakafu. Likasimama. Likaingia mlangoni, likasimama tena, mwanzo wa ngazi.

"Hodi," ilisema sauti.

Kwenye ngazi ile Fawaz hakuwahi kusema neno hilo tangu azaliwe. Amal aliinuka kwenda, mamake akamzuia. Alikunja nguo ya mwisho, akaiweka juu ya nyingine, akailainisha kwa kiganja.

"Hodi," ilisema tena sauti, ndogo zaidi. "Kuna mtu juu?"

"Yupo," alisema Bi Umulkheir. "Panda, kahawa yapoa."